Faili Hufia Njiani

Mzee aliingia masjala amelowa hadi magotini. Ilikuwa Februari 2013, na kwetu Nyanda za Juu Kusini, Tanzania, mvua ya mwezi huo haipigi hodi. Mkononi alikuwa na mfuko wa rambo uliofungwa mafundo mawili, ndani yake rambo jingine, na ndani ya hilo karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Baraza la Kata lilimtaka alete muhtasari wa mkutano wa kijiji wa 1976, ule uliomgawia baba yake shamba la bondeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa karatasi za serikali zinakaa hapa. Nimefuata yangu."

Aliongea kama mtu aliyefuata koti lake kwa fundi. Nikampa kiti, nikaandika jina la kijiji na mwaka, nikamwambia arudi Ijumaa. Nilikuwa na mwaka na miezi miwili kazini kama msaidizi wa kumbukumbu katika halmashauri ambayo sitaitaja, na bado niliamini nilichofundishwa chuoni: kila barua ina jalada, kila jalada lina namba, kila namba imo kwenye rejista. Ijumaa ilipofika nikamwambia arudi Jumatatu. Tuliendelea hivyo mpaka mwezi wa saba.

Kwa asiyewahi kuingia masjala: ni kile chumba cha nyuma chenye kidirisha, ambacho wageni hudhani ni stoo. Barua ikiingia inagongwa mhuri wa kupokelewa, inaandikwa kwenye rejista, inatobolewa na kufungwa kwenye jalada, kisha inapewa namba kwa kalamu nyekundu kwenye kona ya juu kulia. Namba hiyo ndiyo folio. Barua ya kwanza folio 1, ya pili folio 2, hata kama hiyo ya pili ni kikaratasi cha kuomba ruhusa ya msiba. Jalada likitoka kwenda kwa ofisa linaandikwa limekwenda kwa nani. Likirudi, linaandikwa limerudi. Ukiitazama, ni kazi ya kuchosha isiyo na heshima yoyote. Faida yake unaiona siku mtu akichomoa karatasi: ataondoka na barua, ila pengo ataliacha. Ukikuta folio 13 halafu 15, jalada limekwisha kushtaki. Niliwahi kupokea jalada la kiwanja lenye pengo la namna hiyo, na ofisa aliyelirudisha akaniambia folio 14 haikuwa na umuhimu wowote. Nikajiuliza amejuaje.

Basi jalada la kijiji cha mzee nililipata siku ile ile. Lilikuwa nene, safi, limefungwa vizuri. Lilianzia 1986.

Nikatafuta lililotangulia. Nikapanda ngazi hadi makabati ya juu, nikashuka hadi maboksi ya chini ya ngazi, nikaingia stoo yenye matairi ya gari la Mkurugenzi. Hakuna. Bosi wangu, mama aliyekaa masjala miaka ishirini na kitu, alinitazama nikijipukuta vumbi, akauliza: "Unatafuta ya kabla ya themanini na nne? Mwanangu, kabla ya themanini na nne sisi hatukuwepo."

Alikuwa hatanii. Mwaka 1972, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa, na za miji zikafuata. Kazi zake zikachukuliwa na ofisi za mkoa na wilaya za Serikali Kuu. Miji ilianza kurudishiwa mamlaka zake 1978. Sheria za serikali za mitaa, namba 7 na 8, zikatungwa 1982, na halmashauri zikafungua milango tena 1984. Kwa hiyo halmashauri unayoiona leo imewahi kufa na kufufuka. Mwanadamu akifa, mirathi hugawanywa mbele ya mashahidi. Halmashauri zilipokufa kabati zilihesabiwa, ila kilichokuwamo ndani ya kabati sijawahi kuona orodha yake.

Na huo haukuwa uhamisho wa kwanza. Waingereza waliweka serikali za wenyeji chini ya watemi kwa sheria ya 1926, zikawa na mabaraza, hazina na makarani wao. Ikaja sheria ya halmashauri ya 1953. Utawala wa machifu ukafutwa 1963. Kila mara karani mmoja alifunga daftari na mwingine akafungua jipya, na lile la zamani likabaki mezani likisubiri mtu wa kulichukua.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaonea mchwa huruma, maana tunawasingizia kwamba ndio wanaomaliza majalada. Sikatai kwamba wapo. Panya wapo, unyevu upo, na zile pini zenye kutu zinazokula karatasi kama kidonda. Lakini katika miaka yangu yote ya masjala sijaona mchwa aliyemaliza nyaraka nyingi kama siku moja ya kuhama. Faili likiwa kabatini linaweza kuzeeka vizuri tu. Hufia njiani.

Wilaya yetu yenyewe iligawanywa miaka michache kabla sijaajiriwa. Majalada yaligawanywa kwa kata: kata iliyokwenda wilaya mpya, majalada yake yakaifuata. Kwenye barua ya maelekezo ni jambo la busara kabisa. Lakini jalada la mgogoro wa mpaka kati ya kata iliyobaki na kata iliyokwenda ni la nani? Kwenye rejista nilikuta mistari mingi yenye neno moja, "Limehamishwa", bila kusema limehamishiwa wapi. Wenzangu walinisimulia kwamba mzigo ulikwenda kwa tipa, mwezi wa tatu, juu umefunikwa turubai lililokuwa na tundu. Ulipofika, jengo jipya lilikuwa halijawekwa milango, ukalala barazani wiki mbili.

(Nyongeza kidogo. Miaka hiyo nilinunua karanga stendi, nikafungiwa kwenye karatasi. Nikiwa ndani ya basi naikunjua, nakuta ni ukurasa wa orodha ya mishahara ya walimu, na majina yao na makato yao. Karanga zilikuwa nzuri. Nilizimaliza huku nasoma nani ana deni la benki.)

Nchi nzima iko hivyo. Mwaka 2012 ilizaliwa mikoa minne mipya, Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Songwe ukafuata 2016. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Watu walijadili vyeo, magari na mapato ya stendi. Mimi niliwaza masjala yao, maana jiji lile lilishavunjwa mara moja 1996 na kuwekewa Tume. Mikataba ya viwanja, ramani za mitaro, majalada ya makaburi, yote yamehama mikono zaidi ya mara moja katika umri wa mtumishi mmoja.

Nilisoma Tabora, na pale kuna kisa ambacho hakijanitoka. Vita Kuu ya Kwanza ilipowazidi Wajerumani, serikali yao ilikimbia kutoka Dar es Salaam na mwisho ikaweka makao Tabora, ikiwa na mafaili yake. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaingia mjini. Wajerumani hawakuweza kuyabeba mafaili zaidi, wakayafukia ardhini. Baada ya vita yakafukuliwa. Sehemu ya kumbukumbu za utawala ule leo imo Dar es Salaam kwenye Nyaraka za Taifa, na 1997 UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Nikiwa mwanafunzi nilikuwa napita pale mjini nikitazama chini. Faili lililozikwa kwenye udongo wa Tabora linasomeka, na la kijiji cha mzee, lililohamishwa kwa amani na barua yenye mhuri, halionekani.

Turudi kwa mzee. Baada ya wilaya kushindwa nilikwenda kijijini mwenyewe, kwa nauli yangu, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona aibu kila nikimwona getini.

Kijijini ndiko jambo hili lina uzito. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji iwe na rejista ya ardhi yake, na mtunzaji wake ni ofisa mtendaji wa kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji unakaa kila baada ya miezi mitatu, na muhtasari wake ndiyo mbegu ya kila kitu kinachofuata: hatimiliki ya kimila, mwekezaji, eneo la shule, mkopo. Ukienda benki au kwa mpima ardhi, neno la kwanza utakaloambiwa ni "leta muhtasari wenye mhuri." Nchi nzima imeegemea daftari la mtu mmoja. Na mtu huyo mara nyingi ana ofisi ya chumba kimoja kisicho na dari, kwa hiyo daftari hulala nyumbani kwake, kwenye begi, pamoja na mhuri. Akihamishwa kituo, makabidhiano ni mhuri, funguo na pikipiki kama ipo. Daftari lililojaa hakuna analidai, maana la kutumia ni jipya.

Mtendaji niliyemkuta, kijana mwenye adabu, alinifungulia boksi. Muhtasari wa zamani kuliko yote ulikuwa wa 2004. "Dada, nilivyokuta ndiyo hivi," akasema, na nilimwamini. Mwenyekiti naye akanipeleka kwenye ofisi ya tawi la chama, jambo ambalo lisingenijia akilini. Kumbe ndiyo njia yenyewe. Chini ya sheria ya vijiji ya 1975, mwenyekiti na katibu wa tawi la chama, wakati ule TANU, ndio walikuwa mwenyekiti na katibu wa kijiji. Ofisi ilikuwa moja, kabati moja. Vyama vingi viliporudi 1992 serikali ya kijiji ilitoka kwenye nyumba ile ikaenda kujenga yake, na karatasi nyingi zikabaki palepale. Tulikuta picha za viongozi, kadi zilizooza, bendera iliyoliwa na panya. Mihtasari hatukuikuta. Ila mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani akasema, bila hata kunitazama: "Mambo ya TANU aliandika marehemu katibu. Muulizeni mjane wake."

Bibi yule alikuwa anapukuchua mahindi. Akaitika kamwene yangu, salamu ya kwetu, akanisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani. Akatoka na sanduku la bati, lile la bweni, lenye kufuli. Ndani kulikuwa na shuka jeupe, Biblia, cheti cha ndoa, na chini kabisa kaunta buku nne zilizofungwa na kitambaa cha khanga. Majani makavu ya mwarobaini yalikuwa yametandazwa kati yake.

"Aliniambia hizi si zetu," akasema. "Wenyewe watazifuata. Nimewasubiri."

Alikuwa mjane tangu 1989.

Kisheria, mama huyu hakuwa na haki ya kukaa nazo. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 inasema kumbukumbu za umma ni za umma, na kuziteketeza bila idhini ni kosa. Katika lugha ya kazi yetu, kumbukumbu ni karatasi ambayo ofisi bado inaitumia. Ikistaafu na kuonekana ina thamani ya kudumu, inakuwa nyaraka, na ikifika miaka 30 mwananchi anaruhusiwa kuisoma. Zile kaunta buku zilistaafu na kufuzu chini ya shuka la bibi. Sisi tuliosomea tulikuwa na tipa.

Muhtasari wenyewe ulikuwemo, mwandiko mzuri wa shule za misheni, wino wa bluu. Ajenda ya nne, ugawaji wa mashamba ya bondeni. Inafaa kukumbuka hali ya wakati ule: Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, ilikuwa imewahamisha watu kwa mamilioni, na mara nyingi aliyepewa shamba jipya alipewa lililokuwa la mwingine. Migogoro yake ilifika hadi Mahakama ya Rufani, ambayo 1994 ilitamka kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Mgogoro wa mzee ulikuwa mtoto mdogo wa ule mkubwa. Nikasoma kwa sauti, bibi akisikiliza. Kila kaya ipate eka moja. Jina la baba yake mzee, namba 17. Mpaka wa shamba namba 17: "kuanzia mkuyu mkubwa hadi pale Mwenyekiti alipoonyesha kwa mkono."

Nilisoma mara tatu.

Mkuyu ulianguka kwa mvua ya 1998. Mwenyekiti alifariki kabla ya hapo, pamoja na mkono wake. Baraza la Kata likaenda bondeni na wazee wawili waliohudhuria mkutano ule, mmoja akaonyesha huku, mwingine kule. Mwisho wakagawa katikati, na mzee akapata kidogo kuliko alichodai na zaidi ya alichokuwa nacho. Hakunishukuru wala hakunilaumu. Alitaka kivuli cha ukurasa ule, nikamtolea viwili.

Tangu siku hiyo, nikialikwa kuongea na watendaji, naanza na kalamu, kabati baadaye. Andika mpaka kwa kitu kisichofa: mto, barabara, jiwe, namba ya kigingi, na siku hizi alama za GPS, ambazo simu janja inazitoa. Andika majina matatu, maana kijijini kina Juma ni kumi na wawili. Sahihi iwe na jina chini yake. Hakuna chumba chenye kiyoyozi kitakachookoa muhtasari unaosema "pale".

Zile kaunta buku nilizipokea kwa hati, bibi akaweka dole gumba na mimi nikasaini. Kuzitengeneza hakukuwa na uchawi. Nilizipangusa kwa brashi laini ya rangi, mpya, nikichukua ukurasa mmoja mmoja. Nilitoa pini zenye kutu kwa kuzinyanyua, bila kuzivuta. Palipochanika sikugusa selotepu, kwa sababu gundi yake inageuka njano na kuila karatasi. Bosi wangu alipendekeza tupeleke ukurasa ule kulaminesha, kama vyeti vya shule, nikamwomba sana asifanye hivyo: karatasi iliyochomwa ndani ya plastiki haitoki tena. Boksi safi, rafu iliyonyanyuliwa kutoka sakafuni, isigusane na ukuta. Basi. Na mwarobaini wa bibi niliurudisha, ingawa haumo kwenye kitabu cha chuo.

Watu huniambia shida hii imekwisha kwa sababu kila kitu sasa ni mtandao. Kwa upande wa ofisi kubwa kuna ukweli. Mfumo wa ofisi mtandao unaonyesha nani amefungua dokezo na saa ngapi, na folio 14 haiwezi kutoka dirishani. Lakini shuka hadi kwenye kata. Wito wa kikao unatumwa kwenye grupu la WhatsApp, muhtasari unapigwa picha na kurushwa humohumo, mtendaji akibadilisha simu au akitolewa kwenye grupu, miaka miwili ya kijiji imekwenda. Nimeona kompyuta yenye mafaili mia nne ya skana yote yakiitwa "Scan" na namba. Hilo ni boksi la chini ya ngazi, ila halina vumbi.

Chukua na stakabadhi za ushuru. Zamani tulikuwa na vitabu vya HW5, karatasi na kaboni, na wakaguzi walilalamika vitabu vinapotea. Zikaja mashine za POS, zile za mkononi za kutoa stakabadhi, mapato yakaonekana papo hapo, jambo jema. Ila kile kikaratasi hakina wino. Kinachapwa kwa joto. Kiache kwenye jua la dirisha, au kibandike nyuma ya hati ya malipo ukisubiri mkaguzi, na siku akija utamkabidhi karatasi nyeupe tupu. Toa kivuli siku hiyohiyo, andika tarehe juu yake. Nimelisema hili kwenye vikao vingi hadi wananiita Mama Kivuli.

Niliacha kazi ile 2019. Mwaka mmoja kabla sijaondoka, bibi alikuja mjini kwa matibabu ya macho, akapita masjala akiwa na mjukuu. Akaomba kuonyeshwa. Nikamfungulia kabati ya tatu, nikashusha boksi, nikafunua. Alishika kila daftari kwa mkono, akahesabu zote nne, akagusa khanga yake ambayo niliiacha ilivyokuwa.

"Yamo," akamwambia mjukuu.

Kisha akatazama nje dirishani, ambako mafundi walikuwa wanachimba msingi wa jengo jipya la ofisi, akaniuliza: "Na hamtahama?"